Maji Baridi Mbele ya Gofu

Binti yangu aliwahi kunitafutia kwetu kwenye simu yake. Aliivuta pwani yote ya kaskazini ya Tanzania kwa vidole viwili, akaikuza, akaikuza tena, mwisho akanionyesha mahali ambapo rangi ya buluu imeing'ata nchi kavu kidogo tu, kama panya aliyeonja mkate akaghairi. "Hapa, Mama?" Nikamwambia hapo hapo. Akauliza mbona hapana jina. Nikamjibu kwamba wenye simu hawakuja kutuuliza, na jina tunalo wenyewe. Akaniitikia kwa Kizulu, kama kawaida yake, maana Kiswahili changu anakisikia chote ila kukisema anaona tabu, akarudi kwenye mambo yake. Mimi nikabaki nimeudhika. Nakubali, hasira zangu ziko karibu. Lakini na wewe fikiria: umezaliwa mahali, umekulia mahali, halafu unaonyeshwa mahali penyewe pamepakwa rangi tupu!

Ghuba letu ni dogo kweli. Ukisimama kwenye rasi moja ukapiga ukelele, aliye kwenye rasi ya pili atakusikia, ila hataelewa unachosema. Limeelekea mashariki. Upande wa kusini kuna mikoko na mabwawa ya chumvi, upande wa kaskazini kuna minazi na nyumba yetu. Katikati, pale mchanga unapoanza kuwa udongo, lipo gofu la msikiti wa kale, kuta tatu na kibla, na ndani ya ua wake kisima ambacho mpaka leo kinatoa maji matamu. Walioujenga hakuna anayewajua. Wengine husema walikufa kwa maradhi, wengine husema waliondolewa na vita. Bibi yangu alisema walichokana tu, wakahama.

Nyuma ya gofu ardhi inapanda, na juu ya mwinuko kuna bomba la moshi la kiwanda cha mkonge. Walikuja Wajerumani wakapanda mkonge, wakaja Waingereza wakauchukua, ikaja serikali yetu, kisha akaja hakuna mtu. Mabati yaling'olewa, mashine zikauzwa chuma chakavu, bomba likabaki limesimama peke yake, halitoi moshi wala halimsumbui mtu. Nilipokuwa msichana, miaka ile ambayo madukani kulikuwa na rafu tupu na muuzaji amejiegemeza, sukari na sabuni zilipita ghubani kwetu kutoka ng'ambo ya mpaka, na kila mtu alijua, na hakuna aliyejua. Basi, hiyo ndiyo historia yetu yote. Haijazi hata daftari.

Mimi nimeishi Johannesburg zaidi ya nusu ya umri wangu. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mkimbizi wa siasa huko kwetu, akapigania nchi yake kutokea Morogoro, na nchi yake ilipofunguka akanibeba pamoja na sanduku lake. Sasa nina cherehani mbili na meza ya kukatia huko Doornfontein, ghorofa ya pili ya jengo ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha nguo. Chumba tunachangia mimi na fundi mmoja wa kiume kutoka Bukavu. Yeye anashona suti, mimi nashona magauni na kupinda suruali za wanafunzi wa chuo cha jirani, ambao kila mmoja anaitaka yake leo leo.

Ilikuwa Juni, baridi ile kavu inayopasua midomo, mdogo wangu aliponipigia simu. Mdogo wangu ndiye anayekaa kwenye nyumba ya mama pale ghubani. Hana maneno mengi, kwa hiyo akipiga simu badala ya kutuma ujumbe, nakaa chini kwanza.

"Dada, kamati ya ardhi inakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Wanapima mipaka yote."

"Na wapime. Sisi tuna wasiwasi gani?"

"Mwenye chumvi anasema gofu ni lake."

Mwenye chumvi ni jirani yetu wa kusini, mwenye yale mabwawa. Sikuwahi kumpenda. Tangu utoto alikuwa na namna ya kukutazama kama anakupimia kibaba. Sasa alikuwa amewaambia kamati kwamba mpaka wake unapita kaskazini mwa gofu, yaani gofu lote ni lake, kisima ni chake, na kaburi la mama yetu liko kwake. Maana mama tulimzika pale, pembeni mwa ukuta wa kusini wa gofu. Nasema tulimzika, lakini mimi sikuwepo. Nilifika siku tisa baadaye, nikakuta mawe meupe yameshapangwa na mdogo wangu amekonda.

"Kwa hiyo akishinda," nikamwuliza, "wewe utakunywa nini?"

"Nitamwomba maji yeye."

Nilisimama. Nikakaa tena. Fundi wa Bukavu alizima cherehani yake.

Mdogo wangu hakuujua mpaka. Si kosa lake. Mama aliponitembeza mimi kwenye mpaka, yeye alikuwa mgongoni kwake, amelala, anadondosha mate. Alipokua akawa mwanamume, na wanaume wa kwetu mpaka ule hawana habari nao, kwa sababu ni mpaka wa wanawake. Kamati ilikuwa imemwambia: kama dada yako ndiye shahidi, na aje aseme. Ila pasi yangu ya kusafiria ilikuwa imekwisha muda wake na mpya ilikuwa bado haijatoka, kila nikienda kuuliza naambiwa rudi wiki ijayo. Basi kamati ikakubali niandike barua, isomwe mbele ya wote.

Nilisema nitaandika. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Nilikuwa na uhakika kweli.

Kabla ya kuandika nilitandaza karatasi ya kaki mezani, ile tunayochorea kabla ya kukata kitambaa, nikachora ghuba kwa chaki ya fundi. Nilitaka kuliona. Nikaweka rasi mbili, mikoko, gofu, bomba la mkonge juu kabisa, na chini ya karatasi, karibu na tumbo langu, nikaacha nafasi ya bahari. Nilipofika hapo nikajikuta nimesimama na mama.

Kwetu, bamvua likifika, yaani zile siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ambapo maji hutoka mbali sana, wanawake hushuka kwenye mwamba na vyuma vyao kuchokoa pweza. Wanaume huvua na nyavu huko ndani, mambo yao. Mwamba ni wa wanawake. Na zamani sana bibi yangu na bibi yake mwenye chumvi waligombana juu ya mashimo ya pweza. Waligombana vibaya, inasemekana walichaniana kanga. Mwisho wakakubaliana kuugawa mwamba, na mstari walioukata majini wakauendeleza mpaka nchi kavu, shamba na shamba. Ndiyo maana mpaka wetu unaanzia baharini. Mambo ya pweza ndiyo yaliyogawa minazi.

Mstari wenyewe unaanzia mahali ambapo maji ya kisima hutokeza chini ya mchanga. Maji matamu hupita chini kwa chini kutoka gofuni, yakaja kuchomoza ufukoni mahali ambapo bahari ikijaa pamefunikwa na ikitoka pako wazi. Ukitembea kwenye vidimbwi vya maji yaliyochemka kwa jua, ghafla mguu unakanyaga baridi. Mama alinisimamisha hapo nikiwa na miaka kama tisa. Akanishika kichwa kwa mikono miwili kama anavyoshikwa mtoto anayenyolewa, akanielekeza. "Unaliona bomba?" Nikaliona. "Unaiona pembe ya gofu, ya kushoto?" Nikaiona. Bomba lilikuwa limesimama juu ya ile pembe sawasawa. "Huo ndio mpaka. Gofu letu, kushoto kwao. Ukisahau vyote, miguu yako itakukumbusha."

Nikaandika: mpaka unaanzia penye maji baridi, unapita kushoto mwa gofu, pembeni kabisa, unapanda moja kwa moja hadi kwenye bomba la mkonge. Nikatia sahihi. Binti yangu akaipiga picha ile barua na kuituma. Mimi nikarudi kwenye suruali zangu, moyo mweupe kabisa, nikimhurumia mwenye chumvi kwa aibu itakayompata.

Jumatatu mdogo wangu alipiga tena.

"Dada, umeandika nini?"

"Nimeandika kama alivyosema mama."

"Karani wa kamati alikuja leo, akasoma barua. Tulikuwa tumesimama barabarani, juu. Kushoto mwa gofu ni kaskazini, Dada. Ni kule kule anakokutaja mwenye chumvi. Amecheka mpaka kakohoa. Anasema hata dada yangu yuko upande wake."

Nilimwambia haiwezekani. Akaniambia ameiona barua kwa macho yake. Nikamwambia karani hajui kusoma. Akasema karani ni mwalimu. Basi nikapandisha sauti, na yeye, ambaye hapandishi sauti hata kuku akiingia jikoni, naye akapandisha.

"Umekaa huko miaka yote hiyo! Umesahau kwenu! Ungesema tu kwamba umesahau, ningetafuta njia nyingine!"

Akakata simu. Mdogo wangu, ambaye nilimfunga nepi, akanikatia simu.

Sitaki kujifanya mkubwa hapa. Yale maneno yaliniumiza kuliko kitu chochote nilichoambiwa katika mji huu, na mji huu nimeambiwa mengi, kwenye foleni, kwenye teksi, na wanawake wenzangu sokoni wanaonisikia lafudhi yangu. Hayo nimezoea. Kwamba mimi si wa hapa, haya, si wa hapa. Lakini nilikuwa nikijibu kimoyomoyo: niko na kwetu. Sasa wa kwetu mwenyewe ananiambia nimepasahau. Niliitazama ile karatasi ya kaki niliyokuwa nimeibandika ukutani, nikaona huenda kweli. Huenda mama alisema kulia. Huenda nimekaa nikapamba tu, mwaka hadi mwaka, mpaka nikaweka gofu ninapopenda mimi.

Siku ile nilishona vibaya. Nilitia zipu kichwa chini. Fundi wa Bukavu aliniangalia akatikisa kichwa.

"Mama, weye unachoka. Kunywa chai kwanza."

"Sitaki chai."

"Basi kunywa bila kutaka."

Nikanywa. Ndiyo tabia ya yule bwana, hana ubishi lakini hashindwi.

Jumatano asubuhi alikuja mwanamama mmoja wa kwaya kujaribu gauni. Nilimsimamisha mbele ya kioo, nikapiga magoti mbele yake na pini mdomoni, nikawa napima, na fundi wa Bukavu ananiandikia kwenye daftari kwa sababu mikono yangu ilikuwa imejaa.

"Bega la kushoto lishuke kidogo," nikasema.

Akainua kalamu, akauliza, "Kushoto ya nani, Mama? Ya kwako ao ya ye?"

Swali hilo tunaulizana kila siku. Kila fundi analiuliza. Mteja anakutazama, wewe unamtazama, kulia kwake ni kushoto kwako, na usipouliza utampunguza bega lisilo na kosa. Nilifungua mdomo kumjibu, pini zikamwagika zote sakafuni.

"Mama, iko nini?"

"Kushoto ya nani!" nikapiga kelele. "Kushoto ya nani! Mjinga mimi! Mjinga wa kutupwa!"

Mwanamama wa kwaya alishika kifua cha gauni kama anayetaka kukimbia. Nikamshika mkono nikamwomba radhi, nikicheka, machozi yananitoka. Mama alikuwa majini! Alikuwa amesimama majini ameitazama nyumba. Wanawake wote wa kwetu wakilisema ghuba hulisema kutoka mwambani, mgongo baharini, uso nyumbani, kwa sababu ndivyo wanavyoliona wakiinua migongo na pweza mkononi. Wanaume hulisema wakiwa wamesimama nchi kavu wakitazama maji. Kushoto kwa mama ni kusini. Kushoto kwa karani ni kaskazini. Na mimi, fundi niliyeshona nguo miaka thelathini, sikuuliza hata mara moja ni kushoto ya nani.

Nilimpigia mdogo wangu pale pale, mwanamama wa kwaya bado na pini begani. Alipokea kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufa moyo. Nikamweleza. Akasema taratibu kwamba yeye anaelewa, lakini kamati haitaelewa. Barua imeshaandikishwa. Shahidi aliyesema kushoto juzi akisema kulia leo, mwenye chumvi atamla mzima mzima.

"Basi wasiniamini mimi," nikasema. "Waiamini miguu. Kesho wapeleke majini."

"Watu wazima wale, Dada? Mwenyekiti ana viatu vya ngozi."

"Avue."

"Na maji je? Kama yamejaa?"

Jana yake jioni, wakati wa magharibi, nikivuka pale robot, yaani taa za barabarani, za kwenda nyumbani, nilikuwa nimeuona mwezi ukichomoza nyuma ya majengo, mviringo kamili. Sikufikiri hata kidogo. "Kesho ni bamvua," nikamwambia. "Ikifika saa nne yenu maji yatakuwa yametoka yote. Wapeleke saa nne."

Nikasikia kama anacheka puani. "Huko kuna bahari, Dada?"

"Hakuna hata dimbwi."

Alhamisi, saa tatu yetu ambayo ni saa nne yao, binti yangu aliegemeza simu kwenye cherehani, akakaa kando yangu na kikombe chake. Alikuwa amechelewa kazini kwa makusudi. Fundi wa Bukavu alizima redio. Mteja mmoja, kijana wa chuo aliyekuja kuchukua suruali, nikamwambia asubiri kwenye kiti.

Picha ikaja, ikakatika, ikaja. Kwanza nikaona mguu wa mdogo wangu. Kisha mchanga wenye vidimbwi, mrefu, mweupe, umeng'aa. Maji yalikuwa yametoka kama nilivyosema. Binti yangu alisogea akaegemea bega langu.

Walikuwa watu watano. Mwenyekiti ameshika viatu vyake mkononi, karani ana daftari ndani ya mfuko wa plastiki, mzee mwingine wa kamati amekunja suruali mpaka magotini na anafurahia kama mtoto, mwenye chumvi nyuma yao amevaa mabuti yake ya kazi. Alikuwa amezeeka. Sijui kwa nini nilitegemea kwamba yeye hatazeeka.

"Tunatafuta nini sasa?" mwenyekiti akauliza.

"Maji baridi," mdogo wangu akamjibu, na nikasikia aibu katika sauti yake.

Akatembea. Huku simu inayumba, nikaona anga, nikaona kaa anakimbia, nikaona anga tena. Kila baada ya hatua kadhaa namwuliza, naye ananijibu: moto, moto, vuguvugu, moto. Mwenyekiti alianza kulalamika. Nilikuwa nimeshika pindo la suruali ya yule kijana, naivuta uzi mmoja mmoja bila kujua.

Kisha mdogo wangu akasema, "Mama yangu!"

Akainamisha simu, nikaiona miguu yake kwenye mchanga na maji yakibubujika kati ya vidole, mchanga mwembamba unarukaruka. Yule mzee wa kamati akachota kwa kiganja akaonja. "Matamu," akasema. "Baharini humu! Matamu!" Karani naye akachota. Mwenyekiti akatia vidole akavilamba.

"Sasa geuka," nikamwambia mdogo wangu. "Upe mgongo bahari. Tazama nyumbani."

Akageuza simu, na mimi nikaliona ghuba. Dogo, limekatikakatika, lenye rangi za simu, lakini ni lenyewe: minazi mkono wa kulia, mikoko mkono wa kushoto, gofu katikati na bomba la mkonge nyuma yake. Na bomba lilikuwa limesimama juu ya pembe ya gofu, ya kushoto, sawasawa, kama mama alivyoniachia. Nililia papo hapo, sikujificha.

"Huo ndio mpaka," nikasema kwa nguvu ili wote wasikie. "Bibi yangu na bibi yake huyo bwana waliusimamia hapo. Gofu na kisima viko kulia kwa mstari. Ni vyetu."

Karani aliandika. Mwenyekiti aliinua mkono mmoja mbele ya jicho, akalifunga jicho la pili, akatazama bomba na pembe, akaitikia kwa kichwa. Nikadhani yamekwisha. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia mwenye chumvi, makali, ya kumtosha mpaka afe.

Mdogo wangu akaivuta simu karibu na mdomo wake, akashusha sauti.

"Dada. Unaona kwa mama?"

Nikatazama. Mawe meupe. Yalikuwa kushoto mwa pembe ya gofu. Si mbali, hatua nne, labda tano. Lakini kushoto. Mdogo wangu alimzika mama pale penye kivuli cha ukuta kwa kuamini kwamba mpaka uko mbali, kule kwenye kingo za mabwawa ya chumvi, na mimi nilipofika siku ya tisa nililia juu ya yale mawe wala sikutazama baharini. Tulikuwa tumemzika mama kwa jirani.

"Nikisogea kushoto kidogo," akaninong'oneza, "hatua nne tu, mama anaingia ndani. Kigingi bado hawajaweka, na mstari unapita wapi hasa hawajui. Wewe peke yako ndiye unayejua."

Ni kweli. Duniani kote ilikuwa ni mimi peke yangu. Mwenyekiti alikuwa anapangusa vidole, karani anafungua ukurasa. Na mimi nilitaka. Nisiseme uongo, nilitaka kwa moyo wangu wote. Ningesema neno moja tu, sogea, na mama angelala kwake.

"Sogea," nikamwambia.

Akasogea. Moja, mbili, tatu, nne.

"Maji hapo yakoje?"

Nilisikia upepo kwenye simu, na sauti za ndege wa ufukoni, na kwa upande wangu cherehani ya chumba cha pili inalia.

"Ya moto, Dada."

"Basi rudi."

"Dada..."

"Rudi, baba. Rudi penye baridi."

Akarudi. Nikamwomba anipe kwa karani, nikamwambia karani aandike kwamba mpaka ni pale penye maji baridi na si kwingine, na kwamba kaburi la mama yetu, kwa mstari huo, limebaki upande wa jirani. Nikamwambia tulikosea siku ya kuzika. Karani aliinua uso akanitazama ndani ya simu. Nyuma yake mdogo wangu alikuwa amejifuta uso kwa mkono wa shati.

Mwenye chumvi alikuwa bado amesimama kando na mabuti yake. Nilimwona anainama. Alivua buti moja, akavua la pili, akayashika kwa mkono mmoja, akaja akatia miguu pale pale mdogo wangu alipokuwa amesimama. Akakaa hapo akiyatazama maji yanavyobubujika.

"Mama yangu naye alikuwa akinileta hapa," akasema. Hakumwambia mtu yeyote. "Nilikuwa nimebebwa."

Mwenyekiti akamwuliza kama anaukubali mstari. Akasema anaukubali. Akasema na kaburi lisiguswe, wala njia ya kuliendea, na hilo liandikwe, kwa sababu watoto wake hawana akili. Maneno yangu makali niliyokuwa nimeyapanga yaliniishia yote mdomoni, sikujua niyapeleke wapi.

Karani akaandika muda mrefu. Kisha akamwuliza mdogo wangu, simu ikiwa bado mkononi mwake mwenyewe, "Huyu shahidi nimwandike mkazi wa wapi? Johannesburg?"

Nilivuta pumzi kujibu. Ndiyo jibu lenyewe, nina mkataba wa pango na kila kitu. Mdogo wangu naye alifungua mdomo.

Lakini aliyesema alikuwa mwenye chumvi, miguu yake ndani ya maji baridi, wala hakuinua macho.

"Andika wa hapa."

Kijana wa chuo aliondoka bila suruali yake siku ile. Nilikuwa nimeilowesha yote kwa machozi.